Sabuni kwa hoteli na shule: vijana wa mauzo, Sabasaba au tenda za serikali (NeST)?

Dumu20
Wadau, habari za leo. Natengeneza sabuni ya maji, madumu ya lita 20, nembo ya ubora ya TBS ninayo. Wateja ni migahawa minne na shule moja. Nina milioni 5 za kutafutia wateja wakubwa, na nikizigawa vipande hazitafika popote. Niajiri vijana wawili wa mauzo, nichukue banda kwenye maonesho ya Sabasaba, au nifukuzie tenda za serikali?

Mama Ugavi
Nimekaa ofisi ya manunuzi ya hoteli miaka 9. Vipeperushi viliishia kwenye droo. Aliyeacha dumu moja bure, akarudi baada ya wiki kuuliza limefanyaje kazi, huyo nilimpa oda. Ila elewa: sabuni haichaguliwi na ofisa manunuzi. Anayeijua ni mkuu wa usafi, yule anayesikia malalamiko ya wafanyakazi mikono ikichubuka. Mimi niliangalia bei, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na kama utaleta mzigo Jumamosi tukiishiwa. Mhasibu yeye anauliza utasubiri malipo siku ngapi. Kijana wako akizungumza na mmoja tu kati ya hao watatu, oda itakwama. Mimi nasema vijana.

Stoo ya Temeke
Sabasaba nimepanga banda mara mbili. Wanaopita ni familia, wananunua chupa moja moja. Nilichopata cha maana ni mawakala wawili wa mikoani. Kwa hoteli za mjini, hapana.

Mzabuni
Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma zinapita NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni. Kujisajili si kazi, kazi ni mtaji. Nilipeleka mzigo wa milioni 11 kwenye taasisi moja, nikalipwa baada ya kusubiri miezi saba, na asilimia 2 ya kodi ya zuio (inayokatwa na mlipaji) ikakatwa hapo hapo. Miezi yote hiyo sikuwa na hela ya sulfoniki, malighafi kuu ya sabuni, na wateja wangu wadogo wakahamia kwa jirani. Iliniuma sana. Kama una kikundi cha vijana au akina mama kilichosajiliwa, hapo fikiria upya, maana sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu. Peke yako, subiri kwanza.

Dumu20
Asanteni sana. Mama, shule za binafsi zinataka mali kauli (kuchukua mzigo, kulipa baadaye) ya siku 60. Nikubali?

Mama Ugavi
Siku 60 kuanzia lini, mwanangu? Shule ina hela ikifungua, Januari na Julai. Ukipeleka mzigo Machi utasubiri ada za Julai. Peleka wiki ya kufungua, na tarehe ya malipo iandikwe kwenye LPO yenyewe, ile hati ya oda.

Dumu20
Basi naajiri kijana mmoja badala ya wawili, hela inayobaki nanunulia malighafi ya madumu 40 ya kuwajaribisha wateja. Jumatatu tunaanza na hoteli za Kariakoo, kwa wakuu wa usafi.