Mrejesho: kupima mishipa ya miguu kwa wazee, Bukavu

Asanteni sana ndugu. Niliuliza kwa nini uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono ulibadilika kila tuliporudia kwa mzee yuleyule. Aliyesema tuwalaze chali dakika 10 kwanza alipatia: wazee hufika wakihema kwa vilima vya Kadutu. Stetoskopu tumeiacha, tunatumia dopla ya 8 MHz (kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita) na geli, hewa ya mkanda wa presha tukiishusha polepole, milimita 2 za zebaki kwa sekunde. Sasa majibu yanakaribiana. Mwenye uwiano wa 0,90 kushuka, dalili ya mishipa ya miguu kuziba, tunamtuma kwa daktari. Kilichoshindikana ni wenye kisukari: baadhi wanapita 1,40 kwa kuwa mishipa imekakamaa, haibanwi, na mkanda mdogo wa kupimia presha kwenye kidole gumba cha mguu badala yake bado hatuna. Hao hatuwaandiki “wazima”.