Je, Yamaha R15 iliyotumika inastahili shilingi milioni saba na nusu?

Mkazi wa Kihonda:
Habari zenu wakuu. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Kuna mtu hapa Morogoro anauza pikipiki ya Yamaha R15 toleo la tatu, yenye injini ya cc 155, yenye shokapu za mbele za rangi ya dhahabu na kilomita 21,000 kwenye dashibodi, na bei yake ya mwisho ni shilingi milioni saba na nusu. Anasema hawezi kushuka hapo kwa sababu pikipiki ni "ya Japani halisi". Kwa sasa ninatumia Boxer 150, pikipiki ya kawaida ya bodaboda, ambayo haijawahi kunilaza njiani, lakini kila mwisho wa mwezi ninakwenda Dar es Salaam kumwona mama, safari ya karibu kilomita 190 kwenda tu, na nikifika mikono huwa imekufa ganzi kwa mtetemo. Kwa fedha hiyo ningepata Boxer mbili mpya na chenji ikabaki. Nimeikalia, nimeizungusha mtaani mara mbili, na ninakiri kwamba moyo umeshanunua. Je, kweli kitu cha cc 155 kina thamani hiyo, au ninalipia plastiki na rangi?

Mzee wa Spana:
Ndugu, tuanze na hiyo Japani, maana ndiyo iliyobeba bei. R15 hutengenezwa India na Indonesia. Toleo la tatu lilionekana kwanza Indonesia mwaka 2017, likaingia India mwaka 2018, na hizo shokapu za dhahabu zilizopinduliwa juu chini zilikuja na ile ya Indonesia, kwa kuwa ya India ilitoka na shokapu za kawaida. Piga magoti usome namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu: iliyotengenezwa Japani huanza na herufi J, na ya Indonesia utaona imeanza na MH. Sisemi kwamba ya Indonesia ni mbovu, hata kidogo, ila muuzaji asiyejua pikipiki yake ilizaliwa wapi nisingemwamini upesi juu ya hizo kilomita.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni silinda. Boxer yako ikianza kula oili, unaipeleka kwa mchongaji, inachongwa, unaweka pistoni ya saizi inayofuata na maisha yanaendelea. Silinda ya R15 ni ya alumini iliyochanganywa na silikoni, haina slivu, yaani bomba la chuma la ndani, kwa hiyo haichongwi. Ikikwaruzika unanunua nyingine nzima, na hiyo huikuti kwenye duka la spea la mtaani lililojaa cheni na vioo vya bodaboda. Injini yenyewe hupozwa kwa maji, na rejeta ipo mbele kabisa, nyuma ya tairi la mbele, mahali ambapo kokoto za barabara ya vumbi hupiga kila siku. Kabla hujazungumza bei, mwombe aizime ipoe, kisha ufungue mfuniko wa rejeta uangalie kilichomo.

Rubani wa Chini:
Ninamheshimu Mzee wa Spana, lakini ameieleza kama mgonjwa. Nimeimiliki kwa miaka mitatu na sijawahi kufungua injini. Muulizaji anapaswa kujua analipia nini. Boxer ina nguvu za farasi 12 hivi, hii ina 19, nayo ina gia 6. Lakini nguvu hizo zinapatikana injini ikifika mizunguko 10,000 kwa dakika, na ule mfumo wa valvu unaoipa pumzi ya pili huamka kwenye 7,400. Ukiiendesha mjini kwa mizunguko 4,000 huku ukipishana na bajaji, unaendesha pikipiki ya kawaida yenye kiti kibaya. Faida yake utaiona ukishatoka nje ya mji: kwa kilomita 85 kwa saa inatulia kama imesimama, na breki zake za diski, mbele na nyuma, zimeniokoa siku mbuzi alipokatiza ghafla. Tatizo ni kwamba kwenye kila kijiji kuna kibao cha 50, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo hatajali una gia ngapi.

Kasoro nazo zipo. Viganja vyangu huanza kulalamika kabla ya Chalinze, na waya wa klachi ulipokatika nilisubiri wiki tatu kwa muuza spea mmoja, ambaye mwishowe aliniletea wa pikipiki nyingine. Abiria ndiye anayeteseka zaidi. Mke wangu alipanda mara moja, akaniuliza kama anashukia darini.

Kwa safari moja ya Dar kwa mwezi, mimi ningeinunua, ila si kwa milioni saba na nusu.

Nyaraka Kwanza:
Jina lililo kwenye kadi ya pikipiki ni la huyo anayeuza? Kama si lake, mwenye jina aje mwenyewe, na umiliki ubadilishwe TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla hujamaliza kulipa.

Mkazi wa Kihonda:
Ninawashukuru wote. Nimerudi leo asubuhi nikiwa na fundi. Namba ya chesisi imeanza na MH3, na muuzaji alipoulizwa alisema kwamba aliyemuuzia ndiye aliyemwambia ni ya Japani. Kadi ni ya jina lake, hapo sina neno. Fundi alipofungua mfuniko wa rejeta tulikuta maji ya bomba yenye rangi ya chai ya rangi, hakuna dalili yoyote ya maji maalumu ya kupozea injini. Aliipiga moto, akaiacha ingurume hadi feni ikawaka, akasikiliza, akasema injini bado nzima lakini rejeta lazima isafishwe. Kava la kushoto limeungwa kwa gundi kwa ndani, na tairi la nyuma limebakiza miezi michache.

Nikamwambia milioni tano na laki sita. Alifunga turubai bila kunijibu. Jioni hii amenipigia, hakutaja bei, ameniuliza tu kama fedha ninayo mkononi. Nimemwambia ninayo, na kwamba Boxer siiuzi.