Nyumba haikaliki: kisheria ina maana gani?

Habari zenu ndugu. Tumepanga fleti hapa Leicester. Ukuta wa chumba cha watoto umeota kuvu nyeusi hadi nyuma ya kabati. Mwenye nyumba anasema kosa ni letu, tunapika sana na kuanika nguo ndani. Nikimwandikia kwamba nyumba haikaliki, kuna uzito wowote? Nizuie kodi?

—

Pole sana dada. Kodi usizuie hata kidogo, deni litampa sababu ya kuwatoa.

Uzito upo. Kwa England, sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Machi 2019, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza hadi mnahama. Sisi tukichoshwa na majirani wenye kelele husema hapakaliki, lakini mahakama haitazami hayo. Inatazama unyevu, hewa, mwanga, maji, choo, mahali pa kupikia, uimara wa jengo na hatari kwa afya. Si lazima paa lianguke.

Hilo la kupika na kuanika nguo lisikunyamazishe. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Rochdale Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu ndani ya fleti yao. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Inaniuma kila nikisikia mzazi mwingine anajibiwa vilevile. Sheria yenye jina la mtoto huyo inawabana wenye nyumba za umma tangu Oktoba 2025. Wewe uliyepanga kwa mtu binafsi tumia hiyo ya 2018.

Andika kwa barua pepe, simu haiachi ushahidi. Sogeza kabati, piga picha zenye tarehe. Mtoto akikohoa, mpeleke kwa daktari na umweleze kuhusu kuvu ili iandikwe kwenye faili lake. Mwenye nyumba akikaa kimya, pigia kaunsili, yaani serikali ya mtaa, uombe mkaguzi wa afya ya mazingira. Ukaguzi haulipiwi.

—

Naongezea kwa wanaokaa chumba ndani ya nyumba ya mtu, kama wengi wetu tunapofika: sheria hiyo ya 2018 kwa kawaida haiwahusu, kwa kuwa mwenye nyumba anaishi humohumo. Kaunsili bado unaweza kuwaita. Walio Uskoti na Wales wana sheria zao.