Kugeuza milingi ya mezani kuwa CNC: skrubu za kiwandani zibaki?

Chuma_Laini:
Wakuu, habari za karakana. Nina milingi ya mezani (mashine ya kuchonga chuma), ukubwa wa Optimum BF20, nataka iwe CNC, yaani iongozwe na kompyuta, ya kukata alumini na chuma laini. Vilivyopo: mota tatu za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) NEMA 23 za Nm 3 (ampea 4.2, shafti mm 8), draiva tatu za DM556, Arduino Uno yenye GRBL 1.1 (programu ya kuongoza mota) na pawasaplai ya volti 24. Nikiisukuma meza kwa mkono huku na huku, geji ya saa inasoma mm 0.22 kwenye X (kushoto-kulia) na 0.30 kwenye Y (mbele-nyuma). Skrubu zibaki hizihizi? Volti 24 zinatosha? Na Z (kichwa, juu-chini) niiwekee mota hiyohiyo?

Spana17:
Mkuu, kabla hujanunua chochote jua hiyo pleyi (uwazi unaoiacha meza icheze) inatoka wapi. Hamisha geji, ncha yake iguse mwisho wa skrubu, halafu sukuma meza tena. Skrubu yenyewe ikienda na kurudi, tatizo ni beringi zinazoishikilia. Skrubu ikitulia na meza ikacheza, ni nati. Mara nyingi ni vyote viwili.

Kwa 0.22 mimi nisingeziacha. GRBL ya kawaida haina fidia ya pleyi. Programu za Mach3 na LinuxCNC zinayo, ila fidia hiyo inazungusha tu skrubu kidogo zaidi mhimili unapogeuza mwelekeo. Meza haishikiki kwa hilo. Ukikata duara utaona alama nne, kila mahali X au Y ilipogeuka. Na ukikata kwa upande ambao meno ya endimili (kisu kinachozunguka) yanavuta kazi, meza inaruka uwazi wote kwa mkupuo na endimili inavunjika.

Weka skrubu za gololi SFU1605: kipenyo mm 16, mzunguko mmoja ni mm 5. Zile za daraja C7 zinaruhusiwa kukosea mm 0.05 katika kila mm 300, inatosha kwa kazi zako. Upande wa mota funga kishikio cha beringi BK12, upande wa pili BF12, na huo wa pili uachwe uteleze. Ukiubana, skrubu ikipata joto itarefuka na kupinda. Fungua BK12 uone beringi zake. Zikiwa za kawaida badala ya zile zinazobeba msukumo wa kufuata urefu wa skrubu (angular contact), pleyi itarudi hata kama nati ni mpya. Kaplingi ya kuunga mota na skrubu iwe ya mm 8 kwa 10.

Nati usiichomoe kwenye skrubu hivihivi. Sogezea bomba lenye unene wa shina la skrubu, nati ihamie juu ya bomba, uiache humo. Gololi zikimwagika utazisaka chini ya benchi mpaka usiku.

Volti48:
Upande wa umeme: volti 24 mota itazunguka, ila ikishika kasi nguvu inakwisha, kwa sababu koili hazipati muda wa kujaa ampea. Tafuta volti 36. DM556 mwisho wake ni volti 50, kwa hiyo 48 iko ukingoni: mota ikipunguza kasi ghafla inarudisha umeme na kupandisha volti.

Kwenye draiva, gawanya kila hatua ya mota kwa 8. Hatua 200 × 8 = 1600 kwa mzunguko, gawa kwa mm 5, unapata hatua 320 kwa milimita. Kwenye mipangilio ya GRBL andika $100=320 (ya X), na $101 (ya Y) vilevile. Usivutiwe na kugawanya kwa 32. GRBL kwenye Uno inatoa kama mapigo 30,000 kwa sekunde. Kwa 1280 kwa milimita unaishia mm 1400 hivi kwa dakika. Anza na $110=1500 (kasi ya juu) na $120=100 (uongezaji wa kasi), ongeza mpaka mota ianze kupoteza hatua, kisha rudi nyuma theluthi moja.

Swichi za kikomo ziwe zile zinazopitisha umeme muda wote mpaka zibonyezwe (NC), waya ukikatika mashine isimame. Na usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme, utaiua papo hapo.

Chuma_Laini:
Asanteni sana wakuu. Chini ya sadoli ya Y (kipande kinachobeba meza) nafasi ni finyu, nati ya 1605 itaingia?

Spana17:
Mwili wake ni mm 28, flanji mm 48. Flanji ndiyo hukwama. Isage pembeni pande mbili, usiguse mwili, na ufunge nati vizuri kwa nailoni vumbi la chuma lisiingie kwenye gololi. Ikigoma bado, chonga sadoli kidogo kwa ndani, lakini siyo karibu na njia za kutelezea.

Z ni habari nyingine. Skrubu ya gololi haijishikilii: umeme ukikatika, kichwa kinashuka chenyewe juu ya kazi. Mota hiyohiyo itafaa ukiweka mkanda wa 2 kwa 1 (hapo $102=640), pamoja na shokapu za gesi kama zile za buti la gari. Ning'iniza kichwa kwenye mizani kwanza. Kikiwa kilo 25, hiyo ni kama niutoni 245, basi mbili za niutoni 100 zinatosha. Namba imeandikwa ubavuni, mbele ya herufi N. Usilinganishe kabisa, maana kichwa kikielea kitacheza juu na chini ndani ya nati.

Volti48:
Niongeze kwenye hilo la umeme kukatika: pawasaplai ya mota ipite kwenye kontakta (swichi inayojiachia umeme ukikatika) yenye kitufe cha kuwasha na cha dharura, ili umeme ukirudi mota zisiamke zenyewe. Ukiwasha upya, rudisha mihimili yote kwenye sifuri kabla ya kuendelea na programu.