Naloksoni igawiwe maskani au ibaki hospitali?

Nesi wa Usiku: Wakuu, naloksoni inamrudisha mtu aliyezidisha heroini. Inaung'oa unga kwenye ubongo, pumzi inarudi ndani ya dakika chache. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri wapewe hata ndugu na watumiaji wenyewe. Kwetu ni mpaka mgonjwa afikishwe hospitali, na wengi hawafiki. Kete ya leo si ya jana, pusha anajua mwenyewe alichochanganya. Nasema igawiwe maskani, kule vijiweni wanakotumia. Mnaonaje?

Mzee wa Kona: Sikubaliani. Ukimpa teja dawa ya kumfufua umemruhusu abwie zaidi. Mimi nimeibiwa betri ya bajaji mara mbili. Na zamani mbona mtu akizima alipewa maziwa na akaamka?

Binti wa Temeke: Maziwa? Mtu hajitambui, hamezi, yanaenda mapafuni! Mnaua watu na maziwa yenu. Na huyo unayemwita teja ni kaka yangu. Aliingia methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, Muhimbili ilipoanza 2011. Kila asubuhi alikunywa dozi mbele ya nesi, jua na mvua. Leo ni fundi makochi, ana watoto wawili. Muite fundi.

Mama Shufaa: Mwanangu, umenichoma. Kijana wangu nilimkuta chooni, midomo imepiga bluu, anakoroma kama amelala fofofo. Jirani akaja na kikombe cha maziwa, tukamnywesha, tukammwagia maji ya baridi. Aliamka. Leo naambiwa nilikuwa namuua?

Mzee wa Kona: Asante mama. Mafundi wa kuchomelea wanakunywa maziwa miaka yote kutoa moshi kifuani.

Kipanga: Mzee, fundi wa kuchomelea yuko macho! Tuacheni maziwa. Fentanili, dawa kali kuliko heroini, ilipoingia kwenye unga kule British Columbia, Kanada, 2016 serikali ilitangaza hali ya dharura, na naloksoni za bure zikagawiwa kwa wingi. Ila kuna jambo Nesi hajalisema: nguvu yake inaisha kati ya nusu saa na saa moja na nusu, unga bado uko mwilini. Mtu anaamka na arosto, yale mateso ya kukosa unga, anakimbilia kete nyingine, anazima tena. Nani atakaa naye pale maskani?

Mzee wa Kona: Kanada haihusiki. Na hakuna aliyenijibu kuhusu maziwa ya mafundi.

Binti wa Temeke: Betri ulinunua nyingine. Watu watatu wa kijiwe cha kaka yangu tumewazika. Mama Shufaa, naomba radhi, sikukusudia wewe. Hukufundishwa, na sisi pia hatukufundishwa.

Mama Shufaa: Nimekusamehe mwanangu. Ila anapotea bado, wiki ya pili sasa hajalala nyumbani. Nesi, akizima tena nifanyeje?

Nesi wa Usiku: Shikamoo mama. Kile kukoroma si usingizi, ni pumzi inakata. Piga kelele watu waite gari. Akiwa hapumui, mwinue kidevu, mbane pua, mpulizie mdomoni kila baada ya sekunde tano, usichoke. Pumzi ikirudi mlaze ubavu.

Mama Shufaa: Mkono upi unakaa chini ya shavu?

Nesi wa Usiku: Ule wa mbali nawe. Kisha vuta goti la upande huohuo, atageuka mwenyewe kukuelekea. Kinywani usitie kitu. Usiondoke hapo mpaka gari lifike.