Tupeane uzoefu: baiskeli mbovu zilizotutesa na kutulisha hapa Tabora

Mleta mada
Wakuu, nina chuma kuukuu namba 28 nilichoachiwa na baba mkwe. Breki ya mbele ilikufa mwaka juzi. Ya nyuma ni ndala ya mguu wa kulia. Ukiigeuza soli unaona mfereji wa tairi umechongwa kabisa. Kila siku Ipuli hadi sokoni na magunia mawili ya mkaa. Wenye vyuma vya namna hii njooni tusimuliane.

Mwana wa Isevya
Breki ya ndala haina neno mpaka maembe yaanze kuiva. Hii miembe yetu ya barabarani inamwaga maembe, magari yanayakanyaga, lami inakuwa kama imepakwa mlenda. Nilimpakia mama mmoja na debe la dagaa wa Kigoma walioshuka na treni. Mbele akakatiza mbuzi. Nikakandamiza tairi, ndala ikachomoka, nikabaki nakandamiza kwa unyayo. Gurudumu la nyuma likaenda kivyake, sisi kivyetu. Dagaa wote mchangani, na mchanga wa Tabora mnaujua. Tuliokota mmoja mmoja hadi adhuhuri. Mama hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo kuokota ndiyo nauli yako." Raba za breki nilinunua? Sikununua. Jioni hiyo nilinunua unga.

Dada wa Kiloleni
Mnyororo usio na mfuniko umekula kanga zangu tatu. Ya tatu ilikuwa sare ya harusi, hata haijafuliwa. Sina la kuongeza.

Fundi chini ya mwembe
Ngoja niseme ya upande wetu. Kinachoniletea wateja wengi ni kotapini, kile kipini kinachobana mkono wa pedeli. Ikilika, pedeli inacheza, ukikanyaga inaitika "ka!" kila mzunguko. Mteja anataka nichomeke kipande cha bati la kopo. Namweleza: bati litatanua tundu, mwezi ujao kotapini mpya haitashika na utanunua mkono mzima wa pedeli. Anajua! Hakuna mwendesha baiskeli asiyejua. Ananijibu, "Fundi, leo nina mia tano. Hiyo mikono tutaongea tumbaku ikiuzwa." Basi nakata kopo. Na hizi kotapini za siku hizi nazo ni laini, ukigonga nyundo mara mbili kichwa kinachanua kama uyoga.

Daladala mstaafu
Mimi enzi zangu za kubeba abiria kwa baiskeli nilipata mzungu, anataka kwenda Kwihara kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, ndani nimelivalisha kipande cha tairi jingine, kwa hiyo linapiga "dup, dup" njia nzima na abiria anarushwa. Akauliza ule mlio ni wa nini. Nikamwambia ni kengele. Kurudi alitembea kwa miguu, lakini alilipa ya kwenda na kurudi. Mungu ambariki.

Mleta mada
Fundi, unapatikana wapi? Pedeli yangu ya kushoto imeanza kuitika hiyo "ka" tangu Jumatatu. Nina mia tano.

Fundi chini ya mwembe
Njia ya stesheni, utaona tairi limetundikwa. Njoo mapema. Kopo lipo.