Kikundi: Watoto wa Bi Kombo, Michenzani

JUMANNE

19:12 Shangazi Rukia: Assalaam alaykum watoto wa Bi Kombo. Nataka majibu leo, si kesho. Zuhura leo siku ya 9 tangu ahamie kile chumba cha Berlin. Sheria ya huko ukihamia una wiki mbili uende ukaandikishwe. Zimebaki siku 5 na mwenye chumba hataki kumpa karatasi.
19:13 Shangazi Rukia: Juma, uko huko huko Berlin, soma hapa
19:13 Shangazi Rukia: Juma
19:20 Maulidi: Waalaykum salaam shangazi
19:21 Shangazi Rukia: Maulidi salamu nimeipokea, nataka rai
19:24 Khamis: karatasi gani tena? mimi Fuoni mwaka wa tatu huu hata sheha hanijui
19:25 Mwajuma: Sheha anakujua kwa madeni ya maji 😂😂
19:25 Khamis: 😂😂 nyamaza wewe
19:27 Shangazi Rukia: Hapa si baraza. Zuhura waeleze mwenyewe.

19:41 Zuhura: Shikamooni nyote. Ni hivi. Huku ukihamia nyumba lazima uende ofisi ya mtaa, Bürgeramt, ukaandikishe unapokaa. Wenyewe wanaita Anmeldung. Unakwenda na pasipoti na karatasi aliyotia saini yule aliyekupa nyumba, kwamba kweli unakaa kwake. Na kila kitu kinapita hapo. Namba ya kodi inaletwa kwa posta kwenye hiyo anwani. Kazini maabara wameshaniuliza mara mbili, wasipoipata mshahara unaweza kukatwa kodi kwa daraja la 6, ndilo lenye makato makubwa kabisa. Benki niliyokwenda, nayo imeitaka.
19:43 Zuhura: Aliyenipa chumba naye ni mpangaji tu. Anaogopa mwenye jengo asijue kama kakodisha. Na nimeshamlipa miezi miwili mbele, na dhamana juu.
19:50 Mama Zuhura: Mwanangu umekula?
19:52 Zuhura: Nimekula mama. Wali na dengu.
19:53 Mama Zuhura: Na baridi?
19:56 Zuhura: Leo nyuzi 3 chini ya sifuri. Nazoea. Ila wenzangu ninaokaa nao humu jioni wanafungua madirisha yote wazi kama dakika kumi, wanasema nyumba isipopumua ukuta unaota kuvu. Siku ya kwanza nilidhani wameona harufu ya chakula changu nikataka kulia.
19:57 Khamis: dirisha wazi kwenye friza?? hao ndio waliotuchorea Michenzani hao
19:58 Mwajuma: Ndiyo maana dirisha la Bibi halifungiki
20:01 Maulidi: Wale walikuwa Wajerumani wa Mashariki. Ramani ya mji wote mpaka Ng'ambo waliichora 1968. Babu alikuwa akitusimulia.
20:02 Khamis: na lifti wakasahau kuichora. Bibi na ghorofa yake ya tano mpaka leo
20:02 Mwajuma: 😭😂
20:09 Shangazi Rukia: Mnaona mnavyoharibu? Mtoto ana siku 5!! Rai yangu hii. Juma ana nyumba Wedding, huko huko Berlin, vyumba vitatu. Amtilie Zuhura saini kama anakaa kwake. Mtoto abaki alipo, barua ziende kwa ami yake. Basi. Nani anapinga?
20:31 Shangazi Rukia: Watu 14 wameshasoma
20:33 Mwajuma: Mimi nakubali shangazi
20:34 Khamis: 👍🏾
20:40 Zuhura: Shangazi samahani. Nimeuliza kazini, kuandikwa pahala usipolala ni kosa. Na anayetia saini ya uongo faini yake inaweza kufika yuro elfu 50.
20:41 Shangazi Rukia: Nani atakuja kukuhesabu kitandani?
20:58 Shangazi Rukia: Juma

JUMATANO

06:50 Shangazi Rukia: Juma jana usiku uliweka picha ya theluji kwenye status. Simu basi unayo.
06:52 Shangazi Rukia: Na wewe Maulidi, rafiki yako anayesafiri Jumamosi kabakisha kilo ngapi? Dagaa nimeshakaanga.
09:15 Maulidi: Nitamuuliza shangazi
09:31 Mama Zuhura: Nimefunga na viungo vya pilau, na chupa ya samli
12:40 Zuhura: Mama samli itoe tafadhali. Nyama na vitu vya maziwa hawaruhusu kuingia navyo huku, watamchukulia uwanjani. Dagaa hawana tabu.
12:44 Mama Zuhura: Hata samli 😔
12:46 Zuhura: Hata samli mama. Lakini usijali, kuna maduka ya Waarabu mtaa wa Sonnenallee, nyama ya halali ipo, tende zipo. Ramadhani ikiingia nitakwenda kununua huko. Na chupa tupu za maji sizitupi, narudisha dukani, mashine inanipa senti 25 kila chupa.
12:47 Khamis: SENTI 25 YA YURO?? mimi nakuja huko na kontena la chupa za Darajani
12:49 Zuhura: Mashine inasoma alama kaka, za huko itazitema 😂
12:50 Khamis: ubaguzi

23:08 Ami Juma: Waalaykum salaam. Nilikuwa zamu ya usiku, mchana nimelala. Nimesoma yote. Saini ya uongo sitotia. Si kwa sababu ya faini tu. Zuhura nisikilize. Karatasi ile si hisani. Tangu Novemba 2015 sheria inamlazimisha anayekupa nyumba akupe. Na mpangaji aliyekukodisha, kwako wewe ndiye mtoa nyumba, saini yake inatosha, si lazima mwenye jengo. Muombe kwa maandishi, si kwa mdomo. Akikataa, sheria inakutaka wewe mwenyewe ukaiambie ofisi kuwa umenyimwa. Na kesho asubuhi chukua miadi, hata wakikupa ya wiki tatu mbele, hifadhi ile barua pepe yao iwe ushahidi kwamba hukukaa kimya.
23:10 Ami Juma: Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa sikuwa na wa kunambia haya.
23:15 Zuhura: Ahsante sana ami 🙏🏾
23:21 Shangazi Rukia: Juma leo sheria unaijua. Mwaka ule uliijua? Karatasi za nyumba hii ya Michenzani zina jina la nani?
23:22 Mwajuma: Shangazi jamani
23:24 Shangazi Rukia: Marehemu kaka Ali kakaa humu miaka 20, kapaka rangi, katia bomba, kafa hajaandikwa popote. Wewe uko Ulaya na jina lako limekaa hapa kama taa. Lakini kumuandika bintiye, dhambi!
23:25 Shangazi Rukia: Ujumbe huu umefutwa
23:31 Ami Juma: Rukia, hayo si ya humu.
23:32 Shangazi Rukia: Ni ya wapi basi? Kila siku si ya humu.
23:40 Mama Zuhura: Tuyaache. Mimi sijadai kitu. Nataka mwanangu alale bila ya wasiwasi.
23:41 Khamis: Ujumbe huu umefutwa

ALHAMISI

08:02 Zuhura: Nimepata miadi. Tarehe 27. Ni baada ya zile wiki mbili kupita lakini barua pepe nimeihifadhi. Mwenye chumba nimemuandikia, kasoma, hajajibu.
08:05 Maulidi: Mungu akusaidie
10:17 Mwajuma: Niko kwa Bibi. Alitaka kutuma sauti ikawa inakatika, kaniambia niandike neno kwa neno nisipunguze.
10:19 Mwajuma: "Juma mwanangu. Mimi nimelala humu tangu baba yenu yu hai, na kwenye karatasi yumo asiyelala humu. Sikulaani, nakwambia ninavyoishi. Kila akija mtu na faili mkononi roho yangu inaruka. Mtoto wa Ali asiandikwe pahala asipolala. Akiandikwa kwako alale kwako, ale kwako. Na wewe Rukia, ndugu yako usimsimange mbele ya watoto. Nimemaliza."
10:52 Khamis: Sawa Bibi
11:30 Maulidi: Tumesikia Bibi
14:05 Shangazi Rukia: Nimesikia mama. Nisamehe.

21:47 Ami Juma: Mama nimesikia. Nimekaa na Farida tumezungumza. Chumba cha nyuma kina vitu vyake, na mwanawe anarudi mwezi wa tano. Mpaka hapo kipo. Zuhura njoo Jumapili baada ya adhuhuri, Jumapili maduka yote yamefungwa na mimi sina zamu. Panda treni ya U6 ushuke kituo cha Afrikanische Straße, nitakungoja juu. Mtaa wetu huu una barabara inaitwa Zanzibar, wao wanaandika Sansibarstraße. Na iko nyingine waliyoipa jina la Maji Maji 2024, kabla ya hapo ilikuwa Petersallee. Nitakutembeza kwa miguu.
21:50 Ami Juma: Ukishaandikishwa itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi. Usishtuke wala usilipe. Inalipwa mara moja kwa kila nyumba, kwangu nalipa mimi, utawajibu kwa namba yangu.
21:58 Zuhura: Ami sijui niseme nini. Nitakuja inshaallah. Ila kazi yangu ni miezi 10, mwezi wa tano nitakuwa sijafika hata nusu. Na zile pesa nilizomlipa huyu wa hapa?
22:03 Ami Juma: Njoo kwanza.
22:10 Shangazi Rukia: Dhamana nani anaifuatilia? Miezi miwili ya mbele je? Tuandike hapa kila mtu na kazi yake.
22:11 Shangazi Rukia: Na ile ya Michenzani, bila ya kusimanga, tunakaa lini?
22:40 Shangazi Rukia: Watu 15 wamesoma

IJUMAA

07:20 Maulidi: Shangazi rafiki yangu kajibu. Kilo 3 tu, na anataka mzigo leo kabla ya sala.
07:21 Shangazi Rukia: Leo ndiyo unasema! Dagaa kilo 2, viungo kilo 1. Mwajuma pitia kwa wifi uchukue.
07:33 Mama Zuhura: Zuhura, kwenye boksi niandike anwani ipi? Ya hapo ulipo au ya kwa ami yako?
07:51 Zuhura: Subiri kwanza mama